Wenge 2: Ubishi wa Butembo juu ya Albamu Tuliyoisikia Nusu

Kaseti ya dakika 60 ina pande mbili, dakika 30 huku na 30 kule. Albamu za Kinshasa za mwishoni mwa miaka ya 1990 zilitengenezwa kwa ajili ya CD, na mara nyingi zilipita saa nzima. Fundi wa kurekodi pale Butembo, mashariki mwa Kongo, hakujisumbua na hesabu hiyo. Aliweka kaseti tupu, akabonyeza, akaenda zake kunywa chai. Utepe ulipoisha, wimbo nao uliisha hapo hapo, hata kama sebene, ile sehemu ya gitaa ya kuchezea, ndiyo kwanza inachanganya. Kwa hiyo wengi wetu tuliotoana jasho kwa ajili ya Solola Bien, albamu ya Werrason na Wenge Musica Maison Mère ya mwaka 1999, tulikuwa tunabishania kitu ambacho hatujakisikia mpaka mwisho.

Mimi niliisikia kwanza Kamango, mapema mwaka 2000. Mjomba wangu alikuwa akivusha kahawa pale Nobili, mpakani, kwenda Bundibugyo, upande wa Uganda, akarudi na sabuni, chumvi, betri na chochote ambacho baiskeli iliweza kubeba. Safari hiyo alirudi na kaseti moja ndani ya soksi, isiingie vumbi. Redio yake ilitaka betri sita. Tulikuwa na nne nzima na mbili tulizoanika juu ya bati tangu asubuhi. Wimbo wa kwanza ulitoka kwa kasi, watoto wakajaa uani. Kufika wa tatu betri zikachoka, mwendo ukapungua, na wale vijana wa Kinshasa wakaanza kuimba kama wazee wenye mafua. Mjomba akatikisa kichwa.

“Hawa wameharibika,” akasema. “Ile ya kwanza ilikuwa nzuri.”

Hukumu ya kwanza niliyowahi kuisikia juu ya albamu hiyo ilitolewa kwa kosa la betri. Lakini neno “ile ya kwanza” lilikuwa na uzito wake, na kila mtu pale uani alilielewa.

Wenge Musica ilianza Kinshasa mwaka 1981, kundi la vijana wa shule waliojiita kwa jina la mti mweusi, mgumu, wa misitu ya Kongo. Mwaka 1988 wakatoa Bouger Bouger, na kuanzia hapo nchi nzima ikawajua: JB Mpiana, Werrason, Didier Masela, Adolphe Dominguez, Blaise Bula, na Alain Makaba kwenye gitaa. Wakuu walikuwa wengi, na kwa muda mrefu wingi huo ndio uliokuwa nguvu yao. Kisha mwaka 1997 JB Mpiana akatoa Feux de l'amour kwa jina lake, akiimbiwa na kupigiwa na wenzake walewale. Ikauzwa vibaya mno, yaani vizuri mno. Swali la nani mwenye nyumba likawa halina tena pa kujificha. Desemba mwaka huohuo, baada ya onyesho katika hoteli ya Intercontinental ya Kinshasa, Wenge ikapasuka.

JB alibaki na sura nyingi zilizozoeleka na jina la Wenge BCBG. Werrason, Masela na Adolphe walitoka na kujiita Maison Mère, nyumba ya mama, kama ndugu anayeondoka na hati ya kiwanja. Nyuma yao walikuwa vijana ambao Butembo haikuwajua hata kwa majina: mwimbaji Ferre Gola, mwenzake JDT Mulopwe, atalaku, yaani mpiga kelele za kuchochea ngoma, aliyejiita Bill Clinton, na mpiga gitaa la solo mzaliwa wa Kisangani, Flamme Kapaya. Mwaka 1998 kila upande ukatoa kazi yake. JB, mpenzi wa sinema, ambaye Feux de l'amour yake ilikuwa na jina la tamthilia ya Kimarekani kama inavyojulikana kwa Kifaransa, sasa akachukua la meli iliyozama: Titanic. Werrason na wenzake wakachukua la kijeshi: Force d'intervention rapide, kikosi cha kuingia kati kwa haraka.

Nikiri kwamba jina hilo lilituchekesha kwa uchungu. Agosti 1998 vita vilianza upya mashariki, na vikosi vya kuingia kati tulikuwa navyo vya kutosha, vya kwetu na vya jirani. Kinshasa wanamuziki walikuwa wakipeana majina ya vita kama mavazi. Hata Koffi Olomide, nyota mwingine wa Kinshasa, alifuata mwaka 1999 na Attentat, yaani shambulio. Huku kwetu askari wa Uganda walikuwa barabarani, Beni ikaja kuwa makao ya waasi wa RCD-ML wa Mbusa Nyamwisi, na kati yetu na mji mkuu kulikuwa na mstari wa mapigano ambao hata barua haikuuvuka kirahisi.

Muziki haukuvuka mstari ule. Uliuzunguka. Kilichorekodiwa na Wakongo kilitokea Ulaya kama CD, kikashuka Kampala, kikapanda malori ya wafanyabiashara wetu hadi Kasindi, mpakani, kisha kilomita kama 80 hadi Beni na nyingine 54 hadi Butembo. Mzigo mkubwa ulikuwa vitenge, mafuta, misumari na pikipiki, na CD moja mfukoni mwa dereva ilitosha mji mzima. Fundi aliinunua, akazalisha kaseti mamia. Wimbo uliotungwa Kinshasa ulitufikia kwa kupita Paris na Uganda, na mchoro wa njia hiyo ungemtosha mwalimu wa jiografia kueleza vita vyote.

Basi ile ya kwanza ilikuwa imeshakaa mioyoni. Force d'intervention rapide ilikuwa kazi ya watu waliofukuzana na njaa. Wakuu watatu kila mmoja alipata sehemu yake, vijana walitaka kujulikana, na kila anayeimba ulimsikia kama anaomba kazi. Walioipenda walisema ndiyo Wenge halisi iliyobaki. Solola Bien ilipokuja, wakaona taji limewekwa kwenye kichwa kimoja. Werrason sasa alikuwa mbele, wengine nyuma. Sebene zimerefushwa, maneno yamefupishwa, na atalaku, ambaye kundi la Zaïko Langa Langa lilimwingiza jukwaani mwanzoni mwa miaka ya 1980, hakuwa tena chumvi ya mchuzi. Amekuwa mchuzi.

Nakumbuka jioni moja Butembo, kwenye nganda, baa ya mtaani, isiyo na jina ukutani. Umeme wa serikali mji haukuwa nao, kila biashara na jenereta yake, na spika ilibidi ishindane na jenereta ya jirani anayeuza nyama baridi. Mzee mmoja, mwalimu aliyestaafu na mpenzi wa muziki wa Franco, aliweka chupa chini.

“Mwanangu, huyu anaimba nini hapa?”

“Papa, hapa haimbi. Hapa anapiga.”

“Franco alipiga na akaimba.”

“Franco amekufa tangu 1989, Papa.”

“Ndiyo maana nauliza.”

Wafuasi wa JB hawakuwa na huruma hata kidogo. Kwao BCBG ilikuwa na melodi, Maison Mère ilikuwa na makelele. Mwanamke anapendwa kwa Titanic, anakimbizwa kwa Solola Bien. Na walipotaka kuua kabisa walitaja mabanga, yale majina ya watu yanayoitwa katikati ya wimbo kwa malipo. Hoja hiyo haikufika mbali Butembo. Huu ni mji wa wachuuzi, tangazo ni tangazo. Zaidi ya hapo JB mwenyewe aliita majina kama mwenzake, na alipotoa albamu mwaka 2000 aliiita T.H., Toujours Humble, mnyenyekevu daima, yeye ambaye mashabiki wake walimwita Souverain Premier. Upande wa pili ulicheka wiki nzima.

Waliotetea Solola Bien, nami nilikuwa miongoni mwao kwa sababu ya umri zaidi kuliko kwa sababu ya masikio, tulikuwa na jibu moja tu: sikiliza gitaa. Wazungu wana rock yao, gitaa linalokwaruza na ngoma zinazopigwa kama mlango wa mtu anayedaiwa. Sisi tuna sebene, na katika albamu ile sebene iliacha kuwa mkia wa wimbo. Jeneriki, ule wimbo wa kumtambulisha kila mwanamuziki na kila mtindo wa kucheza, iliachiwa nafasi ya kuzunguka, kupanda, kushuka, kisha kuanza tena pale ulipodhani imekwisha. Flamme Kapaya hakupiga kama mtu anayepamba. Alikuwa anasukuma. Kwetu tuliozoea kungoja mapenzi yaimbwe dakika nne ndipo tuinuke, ilikuwa kama kuambiwa uanze kula bila kunawa. Wengine walichukia hasa jambo hilo, na siwalaumu.

Kuna jambo jingine ambalo halikusemwa kwenye nganda, nami nimelifikiria baadaye. Jina la albamu ni Kilingala kilichochanganyika na Kifaransa, maana yake “ongea vizuri”. Kwa wazazi wetu Wayira, Kilingala kilikuwa lugha ya askari wa Mobutu, lugha ya kuombwa vitambulisho na kunyang'anywa mbuzi. Huko Kinshasa tangu Mei 1997, waasi wa AFDL walipoingia, ni Kiswahili kilichokuwa lugha ya bunduki. Kila upande wa nchi ulisikia lugha ya mwenzake ikitoka kwa mtu mwenye kofia ya chuma. Kizazi changu kilijifunza Kilingala kwenye kaseti, kwa kurudisha nyuma na kalamu ili kuokoa betri, mpaka tukajua jina la kila mcheza dansi na la mtaa anakotoka, mitaa ambayo hatukuwa na njia ya kuikanyaga. Tulikuwa tunatawaliwa kutoka Beni, bidhaa zetu zinatoka Kampala, lakini ugomvi wetu ulikuwa wa Bandalungwa, mtaa wa Kinshasa.

Septemba 2000 Werrason alipiga Bercy, ule ukumbi mkubwa wa Paris ambao Koffi alikuwa ameujaza Februari mwaka huohuo. JB akafuata Septemba 2001. Kaseti za video zikaja kwa njia ileile ya Kasindi, zikaonyeshwa kwenye vibanda kwa kiingilio. Wapinzani wa Solola Bien walipoona ukumbi ule, wengi walinyamaza. Sijui kama waligeuzwa na muziki au na taa. Miezi mitatu tu kabla ya onyesho la Werrason, Juni 2000, majeshi ya Uganda na Rwanda yalipigana siku sita ndani ya Kisangani, mji alikozaliwa yule mpiga gitaa, na makombora yakaangukia nyumba za watu. Katika kibanda cha video hakuna aliyelitaja hilo. Tulikuwa tumelipa tuone ngoma.

Werrason hakutulia hapo. Mwaka 2001 alitoa Kibuisa Mpimpa, albamu ya diski mbili, na mahesabu ya fundi wetu yakazidi kuharibika. Adolphe Dominguez aliondoka na kuunda Wenge Tonya Tonya. Mwaka 2004 Ferre Gola, JDT na Bill Clinton nao wakatoka, wakaunda Les Marquis. Nyumba ya mama ikazaa nyumba nyingine, kama walivyotabiri wale wa “ile ya kwanza ilikuwa nzuri”.

Na gitaa? Mwaka 2009 mcheza dansi Faustin Linyekula wa Kisangani alitengeneza onyesho liitwalo more more more… future, ndombolo, muziki wa dansi wa Kinshasa, iliyosokotwa na punk, ile rock ya fujo ya vijana wa Uingereza waliokuwa wakisema hakuna kesho. Maneno yake yalitokana na mashairi ya Antoine Vumilia Muhindo, aliyekuwa mfungwa katika gereza la Makala, Kinshasa. Aliyeongoza muziki ni Flamme Kapaya. Wale waliosema mwaka 1999 kwamba Solola Bien ni makelele ya gitaa wangeweza kudai walikuwa sahihi. Makelele yale yalikuwa yanaelekea mahali.

Juni 30, 2022 wakuu wa Wenge ya zamani walisimama tena jukwaa moja, katika Stade des Martyrs, Kinshasa. Siku hiyo jimbo letu, Kivu Kaskazini, lilikuwa katika hali ya kuzingirwa, chini ya utawala wa kijeshi uliotangazwa Mei 2021. Vijana walitazama vipande kwenye simu, na niliwasikia wakiuliza yupi ndiye Werrason.

Nilipata CD kamili ya Solola Bien miaka mingi baada ya vita, Kampala, katika duka la vitu vya mitumba. Nikaisikiliza kwa redio ya umeme, bila kukatwa. Mjomba alikosea: haikuharibika. Ni kubwa kuliko ile ya kwanza, ina ujasiri zaidi, na inachosha kidogo kuanzia katikati, jambo ambalo kaseti yetu ilikuwa imetuficha kwa hisani yake. Ila nikiwa nanyoa ndevu, wimbo unaonijia ni wa Force d'intervention rapide.

Mjomba hakupata kuisikia hiyo CD. Julai 2013 waasi wa ADF waliposhambulia Kamango, alivuka Nobili na maelfu ya wenzake kwenda Bundibugyo, njia ileile ya kahawa, safari hii bila mzigo. Aliporudi redio ilikuwa imechukuliwa. Kaseti walimwachia, na leo ninayo mimi. Haina jalada. Juu yake ameandika kwa kalamu ya bluu: WENGE 2.