Swali la Mjumbe na Vijiti vya Sultani

Wazee walisema: Kuuliza si ujinga. Katiba yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 138, inampa mjumbe ruhusa kumwuliza waziri kwa mdomo au kwa maandishi. Wengine hucheka: karatasi itafanya nini? Tukumbuke mambo ya zamani.

Katika siku za Mfalme Leopold II watu wetu waliteswa kwa ajili ya mpira. Mwezi wa Mei 1903, mjumbe Herbert Samuel alilileta jambo hilo katika baraza la Uingereza, na baraza likakubaliana naye. Serikali ikamwagiza konsuli wake wa Boma, Roger Casement, apande mto ajionee mwenyewe. Taarifa yake ilipigwa chapa mwaka 1904. Mfalme akabanwa, akatuma tume ya waamuzi watatu.

Mbele yao alifika sultani Lontulu wa Bolima. Alipanga mezani vijiti 110, kila kijiti mtu mmoja aliyeuawa: fungu la wakubwa, la wanaume, la wanawake, la watoto. Akawataja mmoja mmoja kwa jina. Mwaka 1905 tume ilikiri kwamba mateso yalikuwa ya kweli, na mwaka 1908 nchi ikatoka mikononi mwa mfalme, ikawa koloni ya Ubelgiji. Taabu hazikuisha, lakini uongo ulikuwa umefunuliwa.

Basi mjumbe akiuliza leo habari za barabara, dawa au mishahara ya walimu, tusimwache peke yake. Yeye aandike swali. Sisi tulete vijiti.