Ile miaka 14 watoto walikaa bila mama

Wasee, leo hakuna udaku wa mastaa. Leo ni historia, na najua kuna wenye washaanza kutoroka. Kaeni kidogo. Mimi chuo niliacha njiani, kwa hivyo hili si somo la darasani. Ni kesi moja ambayo kila dem na kila chali anafaa kuijua.

Rody Alvarado ni mama wa Guatemala. Aliolewa 1984 akiwa na miaka 16, na jamaa aliyewahi kuwa mwanajeshi. Kwa karibu miaka 10 alipigwa, akabakwa, akatishwa kwa panga. Alienda polisi. Mume akaitwa mara 3, akapuuza, na polisi wakaishia hapo. Akaenda kwa hakimu, akaambiwa mahakama haiingilii ugomvi wa nyumbani. Si hata sisi tunaijua hiyo lugha? "Hayo ni ya mtu na bibi yake, rudini mkaongee."

Kila alipokimbilia, jamaa alimpata. Mei 1995 akatorokea Marekani. Watoto wake 2 wakabaki Guatemala.

Sasa shida ikawa sheria. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, ule Kenya pia iliukubali mwaka wa 1966, unataja sababu 5 za mtu kuteswa: rangi, dini, taifa, kundi la kijamii na msimamo wa kisiasa. Kuwa mwanamke hakumo. Kwa hivyo swali likawa: mke anayepigwa na mumewe, huku serikali yake ikiangalia tu, ni mkimbizi kweli?

1996, jaji wa San Francisco akasema ndiyo. Serikali ikakata rufaa. 1999, Bodi ya Rufaa za Uhamiaji ikampindua, kura 10 kwa 5. Na si ati walimwona mwongo. Waliamini alipigwa. Walisema tu kipigo hicho hakiingii kwenye zile sababu 5.

Mawakili wakapiga kelele, na vikundi vya wanawake pia. 2001, Mwanasheria Mkuu Janet Reno akafuta uamuzi huo na kurudisha kesi ingoje sheria ndogo mpya. Hizo sheria hazikukamilishwa. Faili ikazunguka kwa Mwanasheria Mkuu mmoja hadi mwingine. Rody akapewa hifadhi Desemba 2009.

Piga hesabu: 1995 hadi 2009 ni miaka 14.

Hapa ndipo huwa nachemka. Marekani, aliyepewa hifadhi ndiye anaruhusiwa kuombea mume au mke, na watoto ambao hawajaoa wala kuolewa, waje waishi naye. Anayengoja jibu hana hiyo ruhusa. Akisema arudi kuwaona, anarudi kwa yule yule aliyemkimbia. Mabwana wenye tai wakibishana maana ya "kundi la kijamii", kuna watoto wanang'oa meno, wanaanza shule, wanabalehe, na mama yuko nchi nyingine. Watu husema kesi ilicheleweshwa. Mimi nasema familia ilivunjwa mara ya pili, na safari hii aliyeivunja hakuwa mume.

Msidhani hayo ni ya huko mbali. Sisi Sheria ya Kulinda Watu Dhidi ya Dhuluma za Nyumbani tuliipata 2015, zaidi ya miaka 50 baada ya uhuru. Inaruhusu mahakama kutoa amri ya kukulinda, na inamtaka polisi akueleze msaada uliopo, ikiwemo mahali salama pa kulala. Kwa hivyo ukimpeleka rafiki yako stesheni na afisa aseme "hayo ni ya nyumbani", mwambie kuna sheria. Na laini ya bure ni 1195. Isevu leo, hata kama si yako.

Mwanamke akisema anaogopa kurudi nyumbani, mwamini mapema. Rody aliaminiwa, lakini bado ikamchukua miaka 14.