Kanda ya mkono ilivyompita mzee

Kila Oktoba 1, siku ya wazee duniani, hotuba husomwa na blanketi hugawiwa. Ni nani humpima mzee aliyelazwa wodini ajue kama njaa imemwingia?

Mutomo, kusini mwa Kitui, mvua ya Novemba ikikosekana, wahudumu wa afya ya jamii huzungusha kanda ya rangi tatu kwenye mkono wa mtoto. Chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu. Taarifa za kila mwezi za mamlaka ya kudhibiti ukame, NDMA, hueleza hali ya mikono hiyo. Mikono ya wazee haimo.

Chimbuko la kanda hiyo ni ugomvi wa madaktari. Mwaka 1933 Cicely Williams, akiwa Gold Coast, Ghana ya leo, alieleza ugonjwa wa watoto walioachishwa ziwa na kulishwa mahindi: miguu imevimba, ngozi inaambuka, nywele zimepauka. Hugh Stannus, mkongwe wa Nyasaland, akamkatalia: hiyo ni pelagra tu, ugonjwa mwingine wa lishe. Williams akamjibu kwa maandishi mwaka 1935. Huku kwetu Hugh Trowell, aliyefika Kenya 1929 kisha akahamia Uganda 1935, alishika upande wa pelagra kwa miaka mingi kabla ya kugeuka. Mwaka 1954 yeye na wenzake Davies na Dean wakatoa kitabu kizima kuhusu ugonjwa huo, kwashakoo. Miaka 20 ya kubishania jina, wodi zimejaa!

Baadaye Derrick Jelliffe, profesa wa Makerere, akaueneza upimaji wa mkono kwa mwongozo wa WHO wa 1966. Rangi za kanda zikaja 1974 kwa madaktari Shakir na Morley.

Mwaka huohuo Charles Butterworth wa Marekani aliandika kwamba wagonjwa wanakonda mbele ya madaktari wao: uzito hauandikwi, dripu ya sukari inageuzwa chakula. Yeye alikuwa akisema juu ya watu wazima. Afrika Mashariki, iliyotangulia kwa watoto, haikumsikia sana, na hilo ni aibu kwetu.

Vipimo vya watu wazima vilikuja baadaye. Dodoso la lishe la wazee, MNA, lilitoka 1994. Waingereza wakaleta MUST, kipimo cha hatari ya utapiamlo kwa watu wazima, mwaka 2003. Asiyeweza kusimama kwenye mizani hupimwa shavu la mguu: chini ya sentimita 31 ni hatari. Futi ya fundi cherehani yatosha. Mashine haihitajiki.

Maswali ndiyo yanayohitaji subira. Mzee wa Ukambani ukimuuliza kama amekula, atasema amekula, hata kama ni chai ya rangi peke yake. MNA huuliza ni milo mingapi kamili kwa siku, nyama au maharagwe huliwa mara ngapi, na kama uzito umepungua katika miezi mitatu iliyopita.