Wazee wa Mfongo na Warithi Wao: Uongozi wa Kujitolea katika Hifadhi ya Vyanzo vya Maji vya Kilimanjaro

Utangulizi

Historia ya hifadhi ya maji katika milima ya Afrika Mashariki imeandikwa kwa kiasi kikubwa kutokana na majalada ya serikali. Katika majalada hayo mhusika mkuu ni ofisa: bwana shamba, bwana misitu, mhandisi wa maji. Mwanakijiji huonekana ama kama mharibifu wa chanzo, ama kama mtu anayehitaji kuhamasishwa ili aache kukiharibu. Yuko mtu wa tatu ambaye hana jalada. Huyu ni yule ambaye bila mshahara huamka alfajiri kukagua banio la mfereji, husuluhisha majirani waliogombea zamu, na mwisho hulaumiwa na pande zote mbili. Makala haya yanamfuatilia mtu huyo katika miteremko ya kusini ya Mlima Kilimanjaro, kuanzia mzee wa mfongo wa karne ya 19 hadi kiongozi wa Jumuiya ya Watumia Maji chini ya sheria ya mwaka 2009. Hoja inayojengwa ni kwamba uongozi huo wa kujitolea ulisimama juu ya mamlaka: aliyelinda maji ndiye aliyeyagawa. Mageuzi ya kisheria ya karne ya 20 yaliyaondoa mamlaka hayo kidogokidogo, huku yakiiacha kazi palepale.

Neno lenyewe linastahili tahadhari. Kila nchi ya kanda hii ina jina lake la kazi ya pamoja, na kila jina limebeba historia ya siasa. Nchini Rwanda umuganda ulifanywa sera ya taifa mwaka 1974, ukarejeshwa baada ya mauaji ya kimbari, na leo hufanyika Jumamosi ya mwisho ya mwezi kwa mujibu wa sheria. Buganda wana bulungi bwansi. Wakenya wana harambee. Katika Zaire ya Mobutu, salongo iliitwa kazi ya hiari, lakini wengi huikumbuka kama kazi ya lazima isiyo na ujira. Katika milima ya Usambara na Pare msaragambo umetumiwa na wazee wa mila, na watawala wa kikoloni, na serikali za vijiji. Kwa hiyo anayesema kwamba watu fulani “walijitolea” bado hajasema lolote mpaka aeleze ni nani aliyewaita na nini kilimpata asiyekwenda.

Mfongo na mwenyewe

Maji ya Kilimanjaro hutoka msituni. Fikra iliyoenea, kwamba theluji ya kileleni ndiyo inayolisha mito, inavutia watalii lakini mchango wa barafu katika mito hiyo ni mdogo. Ukanda wa msitu wa kusini hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, hunasa ukungu, na hulisha chemchemi zinazotiririka kupitia makorongo yenye kina kirefu. Wachagga waliishi juu ya migongo iliyo katikati ya makorongo hayo, ilhali maji yalikuwa chini. Ili kuyafikisha kwenye vihamba vyao vya migomba na mashamba ya ulezi, iliwabidi wapande mto hadi mahali ulipokuwa juu kuliko shamba, wauzuie, kisha wayaongoze maji kwa mfereji uliopindapinda ubavuni mwa mlima kwa kilomita kadhaa. Mfereji huo ndio mfongo. Mteremko ulipimwa kwa macho na kwa kuyaachia maji yenyewe yafuate wachimbaji. Palipokuwa na genge, gogo lililochongwa lilitumika kama daraja la maji. Harry Johnston, aliyekaa kwa Mangi Rindi wa Moshi mwaka 1884, alistaajabia vijito hivyo vya kuchimbwa, na wageni wengi waliomfuata walistaajabu vivyo hivyo.

Walichochelewa kukiona wageni hao ni utawala wa mfereji. Charles Dundas katika kitabu chake cha mwaka 1924, na mmisionari Bruno Gutmann katika kitabu chake cha sheria za Wachagga cha mwaka 1926, waligundua kwamba mfongo ulikuwa na wenyewe. Aliyeanzisha uchimbaji, au ukoo wake, alibaki na heshima ya mwanzilishi. Mrithi wake aliongoza shughuli za mfereji pamoja na wazee wa koo zilizoshiriki. Kazi zake zilikuwa nyingi na za kuchosha. Kabla ya kiangazi aliwaita wanaume kuzibua mfereji. Baada ya mvua kubwa aliwaita tena kujenga upya banio lililosombwa, kwa mawe, udongo na vigogo vya migomba. Alipanga zamu za mchana, na maji ya usiku yakahifadhiwa katika bwawa dogo liitwalo nduwa, ambalo kwa Wapare huitwa ndiva, yakafunguliwa asubuhi. Alitoa sadaka kwa wahenga kwenye chanzo. Malipo yake yalikuwa mbege, nafasi nzuri katika zamu, na neno lake kusikilizwa.

Asiyefika kazini alitozwa faini, mara nyingi ya pombe, au alinyimwa maji hadi atakapoilipa. Hapo ndipo siri ya mfumo ilipo. Mzee wa mfongo hakuwa na askari. Alichokuwa nacho ni lango la mfereji. Kila mwenye kihamba alijua kwamba mkono unaompa maji ndio unaomwita kuzibua mtaro, na kwamba wote wawili watakunywa pamoja jioni. Adhabu na manufaa vilikaa mahali pamoja.

Haifai, hata hivyo, kuipamba enzi hiyo. Wamangi waligombania mito kwa silaha, na ukoo mwanzilishi ulijipendelea. Aidha, wanawake hawakuhusishwa katika uchimbaji wala katika baraza la mfereji, ingawa wao ndio waliochota maji ya nyumbani na kutunza migomba. Mipaka ya kujitolea ilikuwa mipaka ya urithi wa wanaume.

Shuruti ya wakoloni

Kahawa iliongeza thamani ya maji. Chama cha wakulima wenyeji kilichoanzishwa mwaka 1925, na baadaye KNCU iliyokirithi mwanzoni mwa miaka ya 1930, vilieneza zao ambalo huhitaji maji shambani na tena wakati wa kumenya na kuosha buni. Wakati huohuo walowezi waliomiliki mashamba chini ya mlima nao waliyataka maji ya mito ileile. Sheria ya Maji ya mwaka 1923 iliweka utaratibu wa haki za maji zilizoandikwa; mifongo ikaachwa katika uwanja wa mila. Wakati ule jambo hilo lilionekana kuwa heshima. Baadaye lilikuja kuwa udhaifu, maana haki isiyoandikwa haina namba, na isiyo na namba hupotea kirahisi mbele ya iliyo nayo.

Matthew Bender, katika kitabu chake cha mwaka 2019 kuhusu siasa za maji za mlima huu, ameonyesha jinsi sifa za awali za maofisa zilivyogeuka kuwa shutuma: mifongo iliyoitwa kazi ya ustadi sasa iliitwa upotevu wa maji na chanzo cha mmomonyoko. Badiliko hilo liliendana na wasiwasi ulioenea katika makoloni ya Uingereza miaka ya 1930 na 1940 kuhusu udongo. Yaliyotokea kwingineko Tanganyika yanaonyesha wasiwasi huo ulivyoweza kutekelezwa. Katika milima ya Uluguru, mpango wa matumizi ya ardhi uliwalazimisha wakulima kuchimba matuta kwenye miteremko ambayo haikuyafaa. Mwaka 1955 watu walikataa, ghasia zikazuka Matombo, mtu mmoja akauawa kwa risasi za polisi, na mpango ukakoma. Mpango wa Usambara nao ulivunjika kwa upinzani kabla ya uhuru. Waluguru na Wasambaa walijua kutunza udongo muda mrefu kabla ya bwana shamba kufika. Walichokataa ni kazi iliyoamuliwa na mtu ambaye hakulima hapo, na ambayo hawakuweza kuirekebisha ilipokosea.

Kilimanjaro hakukuwa na mlipuko wa namna hiyo. Sababu mojawapo ni kwamba mfongo uliendelea kuongozwa na wenyewe. Sababu nyingine ni ukanda wa nusu maili ulioanzishwa mwaka 1941 kati ya vihamba na msitu wa hifadhi, ambao uliwapa wananchi kuni, majani na mbao chini ya usimamizi wa baraza lao. Ulikuwa ukanda mwembamba, lakini uliwapa watu wa mlimani sababu ya kuutazama msitu kama jambo lao.

Maji ya taifa

Baada ya uhuru mambo yalikwenda haraka. Utawala wa machifu ulifutwa mwaka 1963, na baraza la rufaa la mzee wa mfongo likaondoka nao. Sheria ya mwaka 1974 ikatangaza kwamba maji yote ya Tanzania Bara ni mali ya Jamhuri ya Muungano. Chini ya mlima, mto Pangani ulikuwa tayari unafanyiwa kazi nyingine: kituo cha umeme cha Hale kilianza mwaka 1964, bwawa la Nyumba ya Mungu likajengwa katika muongo huohuo, na mwaka 1995 kikaongezwa kituo kipya cha Maporomoko ya Pangani. Ofisi ya Maji ya Bonde la Pangani ilifunguliwa mwaka 1991. Kila lita iliyogeuzwa mlimani sasa ilikuwa na mdai wa pili kilomita nyingi huko bondeni, naye alikuwa na mita na mkataba.

Ofisi iliwataka watumiaji wa mifongo wajisajili, waombe haki ya kutumia maji na walipe ada. Pingamizi walilokutana nalo maofisa lilikuwa moja na rahisi: mfereji ulichimbwa na babu, unazibuliwa na mjukuu, serikali haijatoa jembe, ada ni ya nini? Pingamizi hilo lina uzito. Lakini lina jibu pia, na haki inadai litolewe. Mamlaka ya mzee wa mfongo yalikoma kwenye kihamba cha mwisho cha mfereji wake. Mkulima wa mpunga, mfugaji wa nyikani na mvuvi wa Nyumba ya Mungu hawakuwa na kiti katika baraza lake. Mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi, uliojengwa kwa msaada wa Japani katika miaka ya 1980, ulithibitisha pengo hilo: mafanikio yake yaliwavutia wakulima walio juu zaidi ya mto Rau nao walime mpunga, na maji yaliyofika kwenye mradi yakapungua. Hakuna mila iliyokuwa na jawabu kwa mgogoro kati ya watu wasiokunywa mbege pamoja.

Mita sitini

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 ilikataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Kwenye tambarare kanuni hiyo inatekelezeka. Mlimani, ambako vihamba vimegawanywa kwa wana vizazi baada ya vizazi, mita 60 zaweza kumeza shamba zima pamoja na makaburi ya ukoo. Mwaka uliofuata msitu wa hifadhi uliunganishwa na Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, na matumizi ya ukanda wa nusu maili yakabanwa. Kisha Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 ikazipa Jumuiya za Watumia Maji jukumu la kulinda vyanzo, kusuluhisha migogoro na kukusanya ada kwa niaba ya Bodi ya Maji ya Bonde.

Viongozi wa jumuiya hizo huchaguliwa na wanachama na kwa kawaida hawalipwi. Kwa sura, wao ni warithi wa mzee wa mfongo. Lakini mzee aligawa maji, ilhali kiongozi wa leo hukusanya ada inayokwenda ofisini na kumweleza jirani yake kwamba migomba iliyo karibu na mto imekuwa kosa. Kibali cha maji hutolewa na Bodi. Uzibuaji wa mfereji, upandaji wa miti ya asili kwenye chemchemi na ujenzi wa banio baada ya masika ni wa kijiji. Akimkabili mkaidi, kiongozi huyo aweza kumripoti kwa mamlaka na kuuvunja ujirani, au kunyamaza na kuonekana mzembe.

Upande mmoja, hata hivyo, sheria mpya zimefungua lango ambalo mila ililifunga. Sera ya Maji ya mwaka 2002 na sheria iliyoifuata zinadai wanawake washiriki katika vyombo vya maji. Dai hilo lilikuja wakati mlima wenyewe ulikwisha kubadilika. Haki ya mfongo ilirithiwa pamoja na kihamba, na kihamba kikarithiwa na mwana; lakini katika kaya nyingi ambazo mume ana kazi Moshi, Arusha au Dar es Salaam, aliyebaki kukimwagilia ni mke. Ndiye anayejua siku ambayo maji hayakufika, naye ndiye anayepanda kwenye banio kuuliza kwa nini.