Undugu wa Kufa na Kuzikana: Asili ya Chama cha Knights of Columbus

Waswahili humwita rafiki wa kweli "rafiki wa kufa na kuzikana". Neno hili ni zuri, lakini twajua ya kuwa kazi ya undugu haiishi kaburini. Matanga yakiisha, wageni huenda zao, na mjane hubaki na watoto wanaotaka kula. Habari tunayoieleza hapa ni ya chama kilichozaliwa katika shida hiyo, mjini New Haven, katika jimbo la Connecticut huko Marekani.

Zamani zile Wakatoliki wengi wa mji huo walikuwa watu waliotoka Ireland, au watoto wao, nao walifanya kazi nzito viwandani kwa mshahara mdogo. Baba akifa mapema, nyumba nzima iliweza kutawanyika. Vilikuwapo vyama vya kusaidiana vilivyompa mjane fedha, lakini vingi vilikuwa vya siri na vya viapo, na Kanisa halikuwapa waumini ruhusa ya kuviingia. Papa Klementi XII alikuwa amekataza chama cha Freemasons tangu mwaka 1738, na mwaka 1884 Papa Leo XIII alilitilia nguvu katazo hilo. Basi mfanyakazi Mkatoliki alibanwa pande mbili: akitii, watoto wake hawana akiba, asipotii, amejitenga na Sakramenti.

Padre Michael McGivney aliijua shida hiyo tangu nyumbani kwao. Alizaliwa Waterbury mwaka 1852, kifungua mimba katika watoto 13. Baba yake, mfanyakazi wa kiwandani, alifariki mwaka 1873, naye angali mwanafunzi wa seminari. Alipewa upadre mwaka 1877, akapelekwa New Haven katika parokia ya Mtakatifu Maria. Mwezi wa Februari 1882 alisimama mbele ya hakimu kwa ajili ya kijana Alfred Downes, aliyefiwa na baba. Sheria ilidai mdhamini, ama sivyo kijana angeondolewa kwa mama yake. Padre akakubali kuwa mlezi wake. Wakati huo alikuwa amekwisha kuwakusanya wanaume wa parokia, na tarehe 29 Machi mwaka huo huo chama chao kilipewa hati ya serikali.

Kanuni ya kwanza ilikuwa nyepesi kufahamika. Mwanachama akifa, kila mwenzake alitoa dola 1, na mjane alipewa hata dola 1,000. Wanachama walipozidi elfu moja, mchango wa kila mtu ulipungua. Mgonjwa alipewa dola 5 kila juma, mpaka majuma 13. Watu wetu wataitambua desturi hii: ni mchango wa msiba, ila umeandikwa daftarini kabla ya msiba kuja, wala mjane hapigi hodi kuomba, apewa haki yake. Kasoro yake ilikuwa kwamba kijana na mzee walitoa sawasawa. Baadaye viwango vilifuata umri.

Hapa yafaa tuseme kidogo juu ya jina. "Knight" alikuwa askari wa farasi wa Ulaya ya kale, aliyefungwa na ahadi ya kumlinda mnyonge. Tukisema "askari", msomaji hufikiri mtu wa mshahara; tukisema "shujaa", ile ahadi hupotea. Twaona heri jina libaki lilivyo. Jina la Columbus lilichaguliwa ili kuonyesha kwamba Wakatoliki hawakuwa wageni katika nchi ile.

Aingiaye sharti awe mwanamume Mkatoliki mwenye kuishika dini, wa miaka 18 au zaidi. Madaraja ni ya mapendo, umoja na undugu. La nne, la uzalendo, liliongezwa mwaka 1900. Zamani mambo ya kuingizwa yalifanywa faraghani, lakini tangu mwaka 2020 madaraja matatu ya kwanza yaweza kutolewa pamoja, mbele ya mke, watoto na watu wa parokia. Twaona jambo hili ni la haki, kwa kuwa ahadi ya mume yawahusu wao kwanza.

Lakini neno "undugu" lilipata jaribu lake. Mwaka 1909 Wakatoliki weusi walianza chama chao, Knights of Peter Claver, mjini Mobile katika Alabama, kwa kuwa milango mingi ilikuwa imefungwa mbele yao. Katika Knights of Columbus kura tano tu zilitosha kumkataa mwombaji. Mwaka 1963, huko Chicago, Mkatoliki mmoja mweusi alikataliwa hivyo, na viongozi sita wa tawi lile wakajiuzulu. Mwaka 1964 kanuni ikageuzwa: tangu hapo ilitakiwa theluthi ya wapigao kura ndipo mtu akataliwe. Kura ya siri yaweza kuficha chuki ambayo mdomo ungeona haya kuitamka.

Padre McGivney alifariki tarehe 14 Agosti 1890, mwenye umri wa miaka 38, na tarehe 31 Oktoba 2020 alitangazwa Mwenye Heri. Chama chake sasa chapita watu milioni 2. Sisi tulio walimu na mapadre twapata kwake fundisho moja. Mara nyingi twawakataza watu wetu kuingia hapa na kwenda kule, na pengine twakataza kwa haki. Lakini anayekataza yampasa kuuliza yule mtu alikuwa akitafuta nini mle, maana njaa ya watoto haizuiwi kwa amri. McGivney hakulivunja katazo la Kanisa. Aliufungua mlango mwingine kando yake.