Michikichi ya Kongo na Ardhi Iliyoitwa Tupu

Mchikichi hausitawi chini ya kivuli cha msitu mnene. Mche wake unataka jua, na katika bonde la Mto Kongo jua hilo liliingizwa na shoka na moto wa wakulima. Ukoo ulifyeka kipande cha msitu, ukapanda mihogo, ndizi na mahindi, na michikichi iliyochipua yenyewe ikaachwa isimame. Baada ya misimu michache konde lilipumzishwa, lakini michikichi iliendelea kuzaa. Vijiji navyo vilihama, vikaacha mahame yaliyojaa miti hiyo. Kwa wenyeji, kichaka cha namna hiyo kilikuwa kama hati: kilionyesha nani waliishi pale, walizika wapi wazee wao, na nani ana haki ya kukata chikichi.

Chikichi zilichemshwa, zikatwangwa kwenye kinu, kisha zikakamuliwa mpaka yakatoka mawese mekundu ya kupikia sombe, yaani majani ya mihogo. Kokwa zilizobaki wanawake walizianika na kuzipasua kwa jiwe, moja moja. Utomvu ulikuwa pombe, majani yakaezekea nyumba. Mpita njia asiyejua mzunguko huu angeweza kudhani kwamba konde lililopumzishwa halina mwenyewe.

Dola ya Leopold II, mfalme wa Ubelgiji, ilichagua kudhani hivyo. Amri ya Julai 1, 1885 ilitangaza kwamba ardhi isiyokaliwa ni mali ya dola, na Ubelgiji ilipoichukua Kongo mwaka 1908 ilirithi msimamo huo. Miaka mitatu baadaye akatokea William Lever, mtengenezaji wa sabuni wa Uingereza aliyekuwa akitafuta mafuta kwa ajili ya viwanda vyake. Mkataba wa Aprili 14, 1911 ulichora maduara matano kwenye ramani, kila moja likiwa na nusu kipenyo cha kilomita 60. Ndani yake kampuni yake, Huileries du Congo Belge, iliruhusiwa kujichagulia hadi hekta 750,000 kwa jumla. Bikari haijui mahame ni nini. Lusanga, penye makutano ya mito Kwilu na Kwenge, pakaitwa Leverville. Mkataba uliahidi pia shule, hospitali na ujira usiopungua santimu 25 kwa siku.

Kampuni haikuanza kwa kupanda miti. Ilivuna ile iliyokuwapo. Mkwezi alijifunga mshipi uliozunguka kiuno chake na shina, akapanda hadi kileleni, akakata mkungu na kuuangusha. Chikichi zikabebwa hadi kituo cha kununulia. Wengi waliikwepa kazi hiyo, kwa kuwa ilikuwa ya hatari, ililipwa kidogo na iliwatoa makondeni kwao. Kodi ya kichwa, iliyodaiwa kwa fedha taslimu, ikafanya kile ambacho ujira ulishindwa kufanya, na pale iliposhindwa, maofisa na machifu walitumia nguvu. Hivyo watu wakawa vibarua wa kukwea michikichi ya babu zao. Bei ya mawese ilipoporomoka baada ya mwaka 1929, malipo ya wakwezi yalishuka nayo huku mtoza kodi akiendelea kudai. Mwaka 1931 Wapende wa Kwilu waliasi. Ofisa wa kikoloni, Maximilien Balot, aliuawa mwezi Juni, na jeshi likajibu kwa kuua watu zaidi ya 500.

Badiliko kubwa kuliko yote katika matumizi ya ardhi, hata hivyo, lilitoka kwenye kituo cha utafiti. Huko Yangambi, kando ya Mto Kongo magharibi mwa Kisangani, watafiti Beirnaert na Vanderweyen walieleza mwaka 1941 kwamba aina ya mchikichi iitwayo dura, yenye ganda nene, ikichavushwa na pisifera, isiyo na ganda, huzaa tenera: ganda jembamba, nyama nyingi, mafuta mengi. Mashamba makubwa ya leo, ya Malaysia na Indonesia yakiwamo, yamejengwa juu ya ugunduzi huo. Kwa mwanakijiji habari yake ni nyingine. Kichaka cha michikichi kiliweza kukaa pamoja na mihogo na njia ya kwenda mtoni. Tenera hupandwa kwa mistari, takriban miti 143 kwa hekta, na hushika ardhi ileile kwa miaka 25 hivi. Konde lililopandwa hivyo hutoka kwenye mzunguko wa ukoo, na makonde yanayobaki hulimwa tena kabla udongo haujapata nguvu.

Uhuru wa mwaka 1960 haukurudisha mahame kwa wenyewe. Sheria ya Bakajika ya mwaka 1966 na ile ya ardhi ya mwaka 1973 ziliweka ardhi yote mikononi mwa dola, na makampuni yakaendelea kuikodi. Huko Lusanga, ambako kampuni ilikwishaondoka, wasanii wa kikundi cha CATPC, kilichoundwa mwaka 2014, wametumia fedha za sanamu zao kununua vipande vya ardhi ya shamba la zamani. Upande wa Lokutu, Boteka na Yaligimba, Unilever, mrithi wa kampuni ya Lever, iliuza mashamba yake kwa kampuni ya Feronia mwaka 2009: zaidi ya hekta 100,000 kwenye hati, ingawa zilizopandwa zilikuwa sehemu ndogo tu. Mwaka 2018 jamii za huko zilipeleka malalamiko kuhusu ardhi hiyo kwa DEG, benki ya maendeleo ya Ujerumani iliyokuwa miongoni mwa wakopeshaji. Feronia ilifilisika mwaka 2020, na mashamba yakapita kwa wawekezaji wengine, mgogoro wa mipaka ukiwa haujatatuliwa.