Utando wa Stani

Kabla ya kuendelea kusoma, msomaji, inua macho ulitazame paa. Huenda darasa lako limeezekwa mabati, na huenda umezoea kudhani kuwa madini yake ni bati. Kwa kweli paa la namna hiyo ni chuma kilichopakwa zinki. Bati halisi, ambalo wataalamu huliita stani, ni madini mengine kabisa. Stani ni nyeupe kama fedha, ni laini, tena huyeyuka upesi, kwani joto la digrii 232 za Selsiasi latosha kuifanya maji. Haifai kujengea daraja wala kufulia kisu. Hata hivyo watu wameitafuta kwa zaidi ya miaka elfu nne, kwa sababu hufanya kazi kubwa ikiwa kidogo, na mara nyingi ikiwa imefichika.

Ukitaka ushahidi, nenda nami hata pwani ya kusini ya Uturuki. Mwaka 1982 mzamiaji aliyekuwa akitafuta sifongo karibu na rasi ya Uluburun aliona chini ya bahari vipande vya madini vyenye umbo asilolijua. Toka mwaka 1984 mpaka 1994 wataalamu wa mambo ya kale walipazamia mahali pale, wakakuta mabaki ya merikebu iliyozama yapata karne ya 14 kabla ya Kristo. Ilikuwa imepakia shaba yapata tani 10, na stani yapata tani 1. Tafakari hesabu hiyo. Mafundi wa kale walijua kwamba shaba sehemu kumi, ikitiwa stani sehemu moja, huwa bronzi, iliyo ngumu kuliko shaba yenyewe. Silaha na majembe ya falme nyingi yalitegemea sehemu ile moja.

Baadaye watu wakajifunza njia ya pili ya kuitumia stani, nayo ni kupaka. Sufuria za shaba zilipakwa stani ndani ili chakula kisiguse shaba. Mabamba ya chuma yalichovywa katika stani iliyoyeyuka ili yasishike kutu. Mwaka 1810 Peter Durand alipata hati ya Uingereza iliyolinda haki ya kuhifadhi chakula katika mikebe ya namna hiyo, na kufika mwaka 1813 kiwanda cha Bryan Donkin na wenzake kilikuwa kikiitengeneza huko London kwa ajili ya mabaharia na askari. Mkebe wa samaki uliopo dukani leo ni mjukuu wa mikebe ile. Ukipakwa stani, utando wake kwa kawaida haufiki unene wa sehemu mbili za elfu za milimita, lakini huo ndio unaolinda chuma.

Je, utando waweza kuwa mwembamba zaidi ya huo? Jibu lilianza kuonekana mwaka 1852, na aliyeliona alikuwa mwanasheria. William Robert Grove, mzaliwa wa Swansea katika nchi ya Wales, alifanya kazi ya sheria na hatimaye akawa jaji, lakini moyo wake ulipenda pia elimu ya umeme. Alichukua chombo cha kioo, akapunguza hewa iliyokuwamo, kisha akapitisha umeme kutoka ncha ya waya mpaka kwenye bamba la fedha lililosuguliwa likang'aa. Akaona doa limejitanda juu ya fedha. Waya haukuyeyuka, wala hakuna mkono uliopaka, ila madini yalikuwa yameruka kutoka mahali pamoja yakatua pengine. Kwa muda mrefu mafundi wengi waliliona jambo hilo kuwa udhia tu, kwa kuwa lilichafua vyombo vyao. Mwanzoni mwa karne ya 20 Thomas Edison alilitumia kupaka dhahabu juu ya nta ya kutengenezea santuri, na katika miaka ya 1970 njia ya kutumia sumaku ikaifanya kazi hiyo kuwa ya haraka, ikaingia viwandani.

Sasa sikiliza jinsi kazi hiyo ifanywavyo. Bamba la stani huwekwa ndani ya chumba cha chuma kilichotolewa hewa karibu yote, na mbele yake huwekwa kioo. Kisha hutiwa gesi kidogo iitwayo agoni, na umeme wenye nguvu huwashwa. Atomu za agoni zikishikwa na umeme huligonga bamba kwa kishindo, kama mvua ya mawe igongavyo udongo mkavu, na kila pigo huweza kurusha atomu za stani. Hizo huenda zikatua juu ya kioo, moja kando ya nyingine, mpaka utando ukamilike. Ndiyo maana bamba lile huitwa shabaha. Kwa kuwa stani huyeyuka upesi, lazima shabaha ipozwe kwa maji nyuma yake, la sivyo itageuka tope.

Ikitiwa pia oksijeni kidogo, utando huwa wa oksidi ya stani, nao hupitisha mwanga. Tando za namna hiyo zimepakwa katika vioo vya madirisha ya majumba marefu, pamoja na tando nyembamba za fedha, ili kuzuia joto. Katika kioo cha simu ya kugusa mna utando mwingine, wenye oksidi ya indiamu yapata sehemu tisa na oksidi ya stani sehemu moja. Hupitisha mwanga na umeme pamoja, na unene wake mara nyingi ni kama sehemu moja ya elfu kumi ya milimita. Bila shaka umekumbuka merikebu ya Uluburun: hapa tena sehemu ile ndogo ndiyo inayoongeza nguvu, maana stani huusaidia umeme kupita.

Kazi nyembamba kiasi hicho haivumilii uchafu, kwa sababu kilichomo katika shabaha ndicho kitakachotua juu ya kioo. Kwa hiyo stani husafishwa mpaka ifike asilimia 99.99, au hata 99.999. Katika kiwango hicho cha pili, kilo 100 za stani hazina uchafu unaopita gramu 1.

Lakini stani hiyo yaanzia wapi? Yaanzia katika jiwe zito liitwalo kasiteriti, linalochimbwa China, Indonesia, Peru na penginepo, na pia mashariki ya Kongo, kwa watu wanaosema Kiswahili kama wewe. Mwanzoni mwa karne hii, huko Bisie, katika wilaya ya Walikale, maelfu ya watu walichimba kasiteriti kwa nyundo na patasi, wakabeba magunia mgongoni kupita msituni, nao watu wenye bunduki wakawatoza ushuru. Mwaka 2010 Marekani ilitunga sheria ya kuyataka makampuni yaeleze yatokako madini yao, na mwaka huohuo serikali ya Kongo ikasimamisha uchimbaji katika majimbo ya Kivu na Maniema kwa miezi kadhaa. Nia ilikuwa njema, lakini wachimbaji wengi wasio na hatia walipoteza riziki pamoja na wenye hatia.

Basi, msomaji, tanuru na mizani zaweza kutuambia kwamba stani ni safi kwa asilimia 99.999. Haziwezi kutuambia kama aliyeichimba alilipwa haki yake. Usafi huo wa pili hupimwa na watu, kwa kuuliza na kwa kujali. Siku utakapoitwa mhandisi, mfanyabiashara au mtunga sheria, usisahau kuupima.